Nishushe Ghubra

Qurum, Maskati
Baada ya alasiri

Mwanangu Asya,

Salamu tunapeana kila siku, kwa hiyo hapa naziruka. Umetoka na rafiki yako Muna kwenda kuwaaga wenzako hospitali, na umeniachia maneno mawili: nisisimame sana, na nisiguse masanduku yako. Sijayagusa. Nimekaa majlisini, chumba chetu cha wageni, kwenye pembe ya dirisha, na nimezima kiyoyozi ili mkono usizidi kutetemeka. Ukiona mstari umepanda mlima, ujue hapo nilipumzika.

Sitakuandikia habari za kula, kuvaa, wala kujihadhari na watu. Umekuwa mtu mzima siku nyingi, na dawa za watoto wangapi zimepita mikononi mwako salama. Nnalotaka kukwambia ni jengine. Wiki nzima nimejaribu kulisema kwa mdomo. Jana mchana, ulipokuwa ukinitolea miiba ya samaki, nilifungua kinywa kabisa. Ukasema, "Baba, unataka ndimu?" Nikasema ndiyo. Nikala ndimu.

Basi naandika. Huenda kabla ya kufika mwisho ukataka kuichana karatasi hii. Isome kwanza yote, halafu uichane.

Kesho asubuhi unakwenda Doha kwa ajili ya nyumba hii. Usibishe. Juzi ulikuwa uani unazungumza na Muna kwa simu, na dirisha la jikoni lilikuwa wazi. Nilikusikia ukisema, "Kazi yangu ya hapa mimi naipenda, Muna. Wale watoto wa wodini wananijua kwa jina. Lakini kodi imepanda tena, na Baba ukimtoa Qurum atavunjika. Wacha niende miaka michache." Mimi miaka michache sina, mwanangu. Daktari ameniambia kwa adabu, kwa Kiarabu, kisha akarudia kwa Kiingereza ahakikishe nimefahamu. Nilipaswa kutoka nikaja uani pale pale nikakukatiza maneno yako. Sikutoka. Nilifungua mfereji wa maji, nikajifanya naosha kikombe.

Ulikuwa msichana wa skuli tulipohama Unguja, kwa hiyo unakumbuka masanduku na majirani waliolia. Mashauri yaliyotangulia huyajui, kwa sababu niliyafanya peke yangu. Nilikuwa nimestaafu, kiinua mgongo changu kimetoka, na nyumba yetu ya Malindi, pale pale Unguja, ilikuwa na mnunuzi. Mwalimu wa jiografia hawezi kuamua jambo bila ya ramani, nikaitandaza mezani. Nikapima hali ya hewa, hospitali, skuli yako, nauli, kodi. Kwamba Maskati ni ghali nilijua. Kila aliyekuja likizo alituambia: maji ya kunywa ni ya kununua, umeme wa kiangazi unakula kama mtu mzima mwengine ndani ya nyumba, na asiye na gari ni mfungwa. Nilisikiliza kama mtu anayesikia bei sokoni, anayejua kwamba mwisho wake atapunguziwa.

Lakini nikwambie kilichonileta khasa. Unakumbuka yale makatoni? Kila Ramadhani jamaa waliokwenda Oman mbele yetu walitupelekea: vitambaa, maziwa ya kopo, manukato, viatu ambavyo havikumtosha mtu. Mamako alifurahi nayo kama mtoto. Mimi katoni likifunguliwa nilitoka nje, nikakaa barazani. Sisi tulikuwa "wale waliobaki", na waliobaki wanapelekewa. Nikaapa moyoni kwamba siku nitakayofika Maskati hakuna atakayenitizama kama mtu wa katoni. Nitakaa Qurum, mtaa wa wenye nazo, na nyumba yangu itakuwa na majlisi.

Mamako alitaka tukae Ghubra, mtaa anaokaa mdogo wake Salma. Alisema mara moja tu, usiku tukifunga vyombo. "Kwa Salma nitakwenda kwa miguu," alisema. Nikamjibu kuwa Ghubra hatukupata nyumba ya kufaa. Zilikuwapo. Zilizokosekana ni zenye chumba cha mbele chenye mlango wake, ambapo mgeni wa kiume anaingia, anavua viatu, anakuta mito imepangwa ukutani na kahawa inamngoja. Nilisema mtu wa ukoo wetu hawezi kuishi bila ya hicho. Ilhali Malindi tuliishi na baraza la mawe, lisilo mlango wala kodi, nalo lilijaa watu kila jioni kabla mimi sijavaa kanzu yangu.

Miezi ya mwanzo wageni walikuja. Ijumaa baada ya sala mamako alipika kahawa ya iliki akaijaza chupani, akapanga tende na halwa, nami nikawasha kiyoyozi cha majlisi mapema ili pawe baridi. Walikuja binamu na watoto wao. Nikazungumza nao kwa Kiarabu changu, kile nilichokisoma vitabuni. Siku moja mzee mmoja wa kwetu akanishika goti, akasema kwa Kiswahili, mbele ya wote, "Mwalimu, mbona unasema kama redio? Tunangoja tu utupe hali ya hewa." Wakacheka, nami nikacheka. Hakukusudia ubaya. Lakini mtu aliyesomesha miaka yake yote kwa ulimi wake, akifika uzeeni pahala ambapo ulimi wake ni kichekesho, anajifunza kunyamaza. Hilo katika mashauri yangu halikuwamo.

Kidogo kidogo wakapungua. Hatukugombana na mtu. Kuja Qurum ni gari, na mtu akitaka kuwasha gari hupiga simu kwanza, na akisha kupiga simu huwa ameshaamkia, basi haoni haja tena ya kuja. Ijumaa zikaenda, kiyoyozi kinanguruma, mito imepangwa, nami nimekaa peke yangu na kilemba kichwani. Magharibi mamako alichukua ile chupa akaimwaga chini ya mwasumini wa getini. "Mti huu," aliniambia siku moja, "unakunywa kahawa kuliko sheikh yeyote wa Oman." Nilikasirika. Alikuwa anataka nicheke.

Wewe ulikuwa skuli, kisha chuoni, hukuyaona yote. Mamako alikuwa mshonaji wa kofia, na kofia inataka uzi. Malindi alijifunga buibui lake, akatoka, akapita nyumba nne tano akisalimia, akarudi na uzi na habari za mji mzima. Hapa alikuja kunisimamia mlangoni. "Baba Asya, ukipata nafasi wiki hii, nipeleke Matrah nikanunue uzi." Nami nikajibu, "Tutaona." Barabara iliyo mbele yetu haivukwi na mtu anayekwenda kwa miguu. Mwisho akaacha kofia. Alisema macho yamechoka.

Sasa nakuja kwenye neno lenyewe.

Ile siku tuliyokwenda pwani ya Qantab unaikumbuka, kwa sababu pua yako ilibambuka kwa jua ukagoma kwenda skuli. Tulikuwa sisi watatu na mama mdogo wako Salma na wanawe. Mamako na wewe mlikuwa mnaosha samaki majini, mamako amekunja nguo mpaka magotini, anamzomea kijana aliyewauzia kwamba samaki wake ni mzee kuliko yeye muuzaji. Sikuwa nimemsikia akipiga kelele vile tangu tuhame. Salma akaniita pembeni, kwenye kivuli cha jiwe.

"Shemeji, njoo huku, nisikupigie kelele mbele za watu. Ule upande wa nyuma wa nyumba yangu umekwisha kujengwa. Vyumba viwili, choo chake, jiko lake, mlango unatokea uani kwangu. Mlete dadangu. Kodi sitaki. Nnataka mtu wa kugombana naye asubuhi."

"Ntazungumza naye," nikasema.

"Zungumza naye leo. Mimi simwambii kitu mpaka wewe ukubali. Sitaki iwe nimemtoa mke wa mtu nyumbani kwake."

Ndiyo adabu yetu hiyo, unaijua. Akaniachia mimi neno, akarudi kwa wenziwe. Nami nikatizama bahari, nikawaza: mlango unatokea uani. Upande wa nyuma, juu ya sadaka ya shemeji mjane. Wakija wageni wangu wapite wapi, kati ya nguo zilizoanikwa? Nilikuwa sina wageni, Asya. Nilikataa chumba kwa ajili ya wageni ambao hawakuwapo.

Tukirudi, wewe umelala kiti cha nyuma, mamako akaniuliza, "Salma alikuwa na neno gani?"

"Habari za nyumba yake. Ule upande kampangisha mwalimu mmoja wa Kimisri."

Tulipopita Ruwi ndipo akasema, "Hakuniambia."

"Labda kaona haya."

"Labda," akasema. Akakifungua kioo, upepo wa moto ukaingia, hakukifunga mpaka nyumbani.

Uongo wangu ulikuwa huo, sentensi mbili, na gari haikupunguza hata mwendo. Nilidhani utakufa wenyewe. Lakini mamako hakuwa mtu wa kumuuliza nduguye mbona hukunipa nafasi kwako; kwake hiyo ni kuomba, na hakuomba. Na Salma akangoja jibu, lisije, akaona dada amezoea Qurum, uani kwake hapamtoshi. Kila mmoja akamngoja mwenzake aseme. Mimi nilikuwa katikati nikijua yote. Kila walipokutana Iddi niliwaona wanapeana mashavu kama wageni wa harusi. Mamako alipolazwa, Salma alikuja kila siku na uji. Nilikaa mlangoni nikawasikiliza. Walizungumza habari za joto. Watu waliolala kitanda kimoja utotoni, wanaambiana kwamba mwaka huu joto limewahi.

Ningeweza kusema siku ile. Nilisema moyoni, akipata nafuu. Hakupata.

Siku ya tatu ya matanga nilikuwa nimeingia ndani kuaga wanawake wanaoondoka. Salma alikushika mkono akakwambia, "Njoo ukae kwangu siku mbili tatu, mwanangu. Nafasi ipo." Nawe ukautoa mkono. Ukasema, "Nafasi ilikuwapo lini, Ma'mdogo? Mama alipokuwa hai aliniambia ina mpangaji."

Ukumbi mzima ulikusikia. Salma alisema, "Mpangaji gani?" Kisha akageuza uso akanitizama mimi. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu. Nikaingiza mkono mfukoni kutafuta tasbihi, ilhali ilikuwa mkononi. Akafahamu. Nilimuona akifahamu, kama unavyoona taa inawaka katika nyumba ya jirani. Na badala ya kunifichua mbele ya watu na mbele yako, alijitanda ushungi wake akasema, "Nisamehe, mwanangu," akatoka.

Alikuomba radhi kwa kosa langu. Tangu siku ile huna naye zaidi ya ujumbe wa Iddi, nami nimekuachia. Nimekula chakula chako na kulala katika nyumba unayoilipia wewe, huku nikijua kwamba hata shangazi huna, na mama mdogo uliye naye nimekunyang'anya mimi.

Juma lililopita nilikwambia nimekwenda msikitini. Sikwenda. Nilichukua teksi mpaka Ghubra. Salma alifungua mlango mwenyewe. Amenenepa, na magoti yanamsumbua.

"Eh! Leo Qurum imekutema, shemeji?"

"Imenitema."

"Basi ingia, usije ukanifia mlangoni nikasingiziwa tena."

Nikamwambia nataka kuuona ule upande wa nyuma. Akanipeleka bila ya kuuliza. Asya, hapajapata kukaa mtu. Pana magunia ya mchele, feni mbovu, baiskeli za wajukuu wake. Na dirishani pametundikwa mapazia ya kijani yenye maua meupe, yamepauka upande wa jua. Salma alimshonea mamako kabla ya ile siku ya Qantab, alikuwa na hakika kiasi hicho. Mamako alipenda kijani.

"Siku zote nimejiuliza moyoni," akasema Salma, "na sasa nakuuliza wewe. Kwa nini?"

"Kwa ajili ya majlisi. Hapa mlango hautokei mbele."

Akacheka kicheko kibaya, kisha akakaa juu ya gunia la mchele. Nikamuuliza kama mahala bado pana nafasi, kwa mtu mmoja. Akasema, "Pana nafasi. Na wageni wako wote wapo mtaa huu huu, wanakaa dukani kwenye kona kila jioni wanasema Kiswahili na kusengenya watu. Wewe tu ndiye hujaja. Lakini kwanza mwambie mtoto. Sikai nyumba moja na mtu ambaye mwanawe ananiona mimi mwongo. Na umwambie kabla hajapanda ndege, si kwa simu."

Ndiyo sababu ya barua hii. Sikupata ujasiri huu peke yangu, nimesukumwa. Ni haki ujue hilo pia.

Nimeshamwambia mwenye nyumba kwamba tunaondoka mwisho wa mwezi. Alisikitika kidogo, kisha akauliza kama tutamwachia mito ya majlisi. Nikamwambia achukue. Kodi ya Qurum imekwisha, Asya. Kwa hiyo sababu iliyokufanya uitake kazi ya Doha haipo tena, na nilitaka uijue hali hiyo usiku wa leo, mkataba ukiwa bado mkobani mwako haujatiwa saini. Sikwambii ubaki. Ukibaki kwa ajili yangu itakuwa nimekutoza kodi nyengine, na ya kwanza ilishatosha. Ukitaka kwenda kwa sababu wewe mwenyewe unataka kuona dunia, nenda, nami nitakuombea dua nikiwa upande wa nyuma. Ukitaka kuwarudia watoto wako wa wodini, rudi. Sitakuuliza sababu.

Siku moja na wewe utakaa kuchagua pahala pa kuzeekea. Siwezi kukuchagulia, maana nimeshaonyesha ninavyochagua. Nnaweza kukwambia tu yale ambayo sikuyapima. Kodi niliipima, umeme niliupima. Sikupima nani ataweza kubisha hodi kwetu bila ya kuwasha gari. Sikupima kama mamako atapata uzi kwa miguu yake mwenyewe. Sikupima nitakuwa nani mahala ambapo hakuna aliyepata kuwa mwanafunzi wangu. Wala sikuwaza kwamba mmoja wetu atatangulia, na atakayebaki atakuwa na vyumba vingi kiasi hiki vya kupita kabla ya kufika kitandani. Nilisomesha watoto kupima masafa kwa rula juu ya karatasi. Kutoka Qurum mpaka Ghubra kwenye ramani ni kidole kimoja hakijai.

Nnajua utakasirika. Una haki, na sikuombi usikasirike. Zaidi naogopa utanyamaza, kwa sababu kunyamaza umerithi kwangu na kwa mamako, pande zote mbili. Ukiweza, nigombeze. Nitakuwa macho mpaka utakaporudi, na mlango wa chumba changu nimeuwacha wazi.

Muna atakuja kukuchukua asubuhi. Mwambie kwamba mna abiria wa pili. Nina mfuko mmoja tu. Kanzu, dawa, msahafu, na kofia ya mwisho ya mamako, ile isiyomalizika. Vyengine vitafuata. Ghubra iko njiani kwendea uwanja wa ndege, kwa hiyo hamtachelewa. Nishushe pale. Kama huwezi kuingia, nishushe nje ya geti uende zako, nitafahamu, na Salma atafahamu. Kama unaweza, ingia mara moja tu, umshike mkono ule ulioutoa.

Kahawa ya kesho nitapika mwenyewe, ya iliki, nijaze ile chupa. Ukiikuta mezani usiimwage kwenye mwasumini. Tunakwenda nayo.

Babako,
Seif